Mchwa na joto: maswali tunayoulizwa karakana kila siku

Karakana yetu ya mbao iko hapa Mwanza. Tunatengeneza milango, fremu na makabati, tunapiga kenchi, na karibu nusu ya simu zinazoingia ni za mchwa. Watu huanza kwa kuuliza dawa, lakini ukiwasikiliza vizuri unakuta kila mmoja ana imani yake kuhusu joto: jua litawaua, baridi itawazuia, moto utawamaliza. Tumeona tuyaweke majibu mahali pamoja, maana kijana wetu wa randa ameshayakariri na ameanza kuyatoa kana kwamba ni yake.

Fundi, baridi ya Juni na Julai haiwapunguzi?

Haiwapunguzi. Baridi hiyo ni ya sisi wenye masweta. Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na pembeni kuna ziwa ambalo halipoi wala halipati moto kwa haraka. Mchana tunacheza kati ya nyuzi joto 27 na 30, usiku tunashuka hadi 16 au 18 hivi. Mchwa wa nchi za joto huanza kuzubaa joto likiwa chini ya nyuzi 15, na likikaribia 10 miguu haimbebi tena. Hapa kwetu hatufiki huko.

Isitoshe, hizo nyuzi 16 ni za hewa, na mchwa haishi hewani. Chimba shimo la nusu mita nyuma ya nyumba, uingize mkono saa nane mchana na tena saa nane usiku. Huko chini hutaona tofauti ya maana, kwa sababu joto la jua hupungua nguvu kila sentimita linaposhuka. Juu kukipoa au kukiungua, mchwa anashuka hatua chache tu. Hata kwenye nchi za theluji, mchwa wa ardhini hufanya hivyohivyo: majira ya baridi hushuka chini ya udongo ulioganda, baridi ikipungua anarudi kwenye nyumba ya mtu.

Kinachofanya usiwaone sana Juni hadi Agosti ni ukavu. Udongo wa juu umekauka, wamefuata unyevu chini. Usije ukasema wamehama.

Joto gani hasa ndilo linawafaa?

Kwa mchwa wengi wa ardhini ni nyuzi 25 hadi 32. Hapo wanakula vizuri, wanatembea haraka, mayai yanaanguliwa bila kuchelewa. Linganisha na joto la Mwanza nililolitaja juu na utaona kwamba hapa mchwa hana likizo.

Wale wanaojenga vichuguu vikubwa ni wachaguzi zaidi, na sababu ni shamba lao. Mchwa hawa hawasagi mbao wenyewe mpaka mwisho. Wanaimeza, wanaitoa kama tope, wanaijenga kama sega la nyuki, kisha kuvu inaota juu yake na kuilainisha, ndipo wanaila. Kuvu hiyo inataka karibu nyuzi 30, mchana na usiku, masika na kiangazi. Uyoga mkubwa mtamu unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza ni tunda la kuvu hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye kuilaani familia ya kichuguu asubuhi, halafu jioni akala uyoga wake kwa ugali, ajue anakula shambani kwao.

Kwa nini wanajenga vile vijia vya udongo ukutani badala ya kutembea tu?

Kwa sababu ngozi ya mchwa ni nyembamba mno. Mende ana gamba, mchwa hana. Akiwa kwenye hewa kavu anapoteza maji mwilini upesi, na jua linaharakisha. Kijia ni mwavuli na bomba la unyevu kwa pamoja, na humkinga na siafu pia.

Mwaka juzi tulikwenda kukagua nyumba iliyojengwa kwenye mawe juu ya mji, ukuta wake wa nyuma unatazama machweo. Ilikuwa saa tisa alasiri, ukuta huwezi kuuegemea. Kijia kimepanda kutoka msingini hadi kwenye papi, unene wa kidole gumba. Nikakivunja sehemu ya urefu wa kiganja. Ndani udongo ulikuwa na unyevu kama wa chungu cha maji, na mchwa wakatawanyika. Wale wenye vichwa vikubwa, askari, wakasimama kwenye kingo mbili zilizobaki. Walioanguka kwenye sakafu ya saruji, juani, walihangaika kidogo tu wakaacha kusogea. Mwenye nyumba akafurahi: "Kumbe jua linawaua!" Tuliporudi kesho yake asubuhi na dawa, pengo lilikuwa limeshazibwa kwa udongo mbichi, rangi yake bado nyeusi. Waliliziba usiku, ukuta ulipopoa.

Ni kweli kichuguu kina kiyoyozi?

Kuna ukweli na kuna chumvi.

Ukweli ni kwamba ndani ya kichuguu kikubwa, kwenye vyumba vya malkia, watoto na kuvu, joto halipandi na kushuka kama nje. Sehemu ya joto hilo wanalitoa wao wenyewe: mchwa mmoja si kitu, lakini malaki wakipumua pamoja na kuvu inayochacha, wanapasha chumba. Udongo mnene unalihifadhi.

Chumvi ni ile hadithi ya bomba la moshi, kwamba hewa ya moto inapanda kutoka kiotani na hewa baridi inaingia chini. Ilisimuliwa miaka mingi. Jengo la Eastgate pale Harare, lililofunguliwa 1996, lilibuniwa kwa wazo la kichuguu, na ni jengo zuri kweli. Lakini mwaka 2015 watafiti waliopima vichuguu nchini India kwa vifaa vidogo vya ndani waliona jambo jingine. Mchana jua linapasha mbavu nyembamba za nje, hewa inapanda humo na kushuka katikati. Usiku nje kunapoa, mzunguko unageuka. Yaani kichuguu kinapumua kwa kutumia tofauti ya usiku na mchana. Mwaka 2017 vichuguu vya Namibia navyo vikaonekana kusukumwa na jua, upande unaopigwa jua ukitofautiana na ule wa kivuli. Na kazi kubwa ya mzunguko huo ni kutoa hewa chafu. Joto lenyewe linatunzwa na udongo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ivory Coast. Aina moja ya mchwa hujenga kwa mitindo miwili: kwenye uwanda wenye jua, kichuguu kirefu chenye kuta nyembamba na mbavu nyingi; ndani ya msitu wenye ubaridi, kichuguu kifupi cha mviringo, kuta nene. Msituni wanaogopa kupoteza joto, kwa hiyo wanavaa koti, hata kama hewa ndani inakuwa nzito. Fundi ujenzi anayetumia ramani moja Bukoba na Shinyanga angejifunza kitu hapo.

Bati langu mchana linawaka. Mchwa wa darini si wangekufa?

Hewa ya chini ya bati lisilo na dari huwa kali kweli. Lakini mbao ni kizuizi kizuri cha joto, ndiyo maana mwiko wa ugali hauunguzi mkono. Kenchi ya inchi mbili kwa nne ikipigwa joto la bati kwa saa tatu, ngozi yake inaungua lakini moyo wake unabaki nyuma sana. Kisha saa kumi upepo wa ziwani umeshapoza kila kitu. Mchwa yuko moyoni mwa mbao, au ameshateremka zake kwa kijia chake.

Juu huko pia kuna jamaa wa pili: mchwa wa mbao kavu. Huyu hana haja na udongo kabisa. Anaishi ndani ya mbao, anatosheka na unyevu mdogo uliomo, na anavumilia joto kuliko ndugu yake wa ardhini. Hajengi kijia. Utamjua kwa kinyesi chake: punje ngumu zenye pande sita, kubwa kidogo kama mbegu za mchicha, zimerundikana sakafuni chini ya kitundu. Ukiona unga laini kama wa sembe, huyo ni bungua, mdudu mwingine kabisa, usimsingizie mchwa.

Basi joto la kiasi gani ndilo linawaua?

Kwa mchwa wa mbao, moyo wa mbao ufike nyuzi 50 hivi na ukae hapo walau nusu saa, afadhali saa nzima. Tunasisitiza *moyo wa mbao*. Joto la chumba au la juu ya ubao si kipimo.

Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo ni kali zaidi: nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, mpaka katikati ya mbao. Paleti zilizopitia hapo hugongwa muhuri wenye herufi HT. Vijana wengi mjini sasa wananunua paleti za mizigo kutengenezea makochi ya nje. Tafuta muhuri huo kwanza. Ila elewa maana yake: siku ile mbao ilipotoka kwenye tanuri haikuwa na mdudu hai. Haina kinga yoyote ya kesho. Ukiiweka juu ya udongo Nyegezi, italiwa kama nyingine.

Naweza kuwapasha mwenyewe nyumbani?

Kitu kidogo, ndiyo. Kigoda, fremu ya picha, mwiko wa kuchonga. Kifunge vizuri ndani ya nailoni nyeusi, kiweke juu ya bati kuukuu au saruji mahali penye jua la kutwa bila upepo, ugeuze. Toboa tundu dogo mahali pasipoonekana, uingize kipimajoto cha jikoni mpaka katikati ya mbao. Kisiposoma 50 umefanya mazoezi tu.

Njia ya pili ni jokofu la kugandisha: nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, kitu kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa ili kisilowe kikitoka. Inafaa kwa vitabu pia. Mama mmoja muuza samaki alituambia friza lake lina sangara na Biblia ya marehemu baba yake, na Biblia ilipona.

Meza kubwa usijaribu. Sisi wenyewe tuliwahi kupasha meza ya mteja kwa pupa, kwenye kibanda cha bati. Mchwa walikufa. Gundi nayo ikaachia, vanishi ikavimba mapovu, tukatengeneza meza mpya kwa gharama zetu.

Maji ya moto, moto wa kuni au petroli kwenye kichuguu?

Hapana, hapana, na hapana kabisa. Udongo unakunywa joto la sufuria yako kabla halijafika kwa malkia, ambaye kwenye vichuguu vikubwa amekaa chumba kigumu cha udongo katikati ya kiota. Moto unaunguza juu tu na kukuachia tofali la kuchoma, chini mchwa wapo. Na petroli itakuunguza wewe.

Mbona kumbikumbi hutoka siku moja mtaa mzima?

Kwa sababu wote wanasubiri dalili zilezile: mvua ya kwanza ya maana baada ya kiangazi, udongo umelainika, hewa ina joto na unyevu, upepo umetulia. Mwanza hiyo mara nyingi ni kuanzia Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinapofungua. Viota vikitoka kwa pamoja, dume wa kiota hiki anapata jike wa kile, na ndege, mijusi na watoto wetu hawawezi kuwamaliza.

Mnajua mambo yanavyokuwa: umeme umerudi baada ya mvua, taa ya nje inawaka, mama ameweka beseni la maji chini yake, na kumbikumbi wanaanguka humo huku mbawa zikibaki zinaelea. Kaanga bila mafuta, mafuta wanayo. Mimi sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni wale wanaofuata mwanga hadi darini kupitia tundu la silingbodi. Wakishadondosha mbawa, wanatembea wawili wawili, jike mbele, wakitafuta ufa. Jozi moja ikipata udongo mnyevu chini ya fremu yako, ndiyo mwanzo wa mfalme na malkia, na malkia anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Jioni hiyo zima taa za ndani mapema, uiache moja ya nje, mbali na ukuta, juu ya beseni. Asubuhi ukikuta rundo la mbawa *ndani* ya nyumba, piga simu.

Dunia ikizidi joto, mchwa wataongezeka?

Sehemu nyingi, inaelekea hivyo. Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa uliotumia vipande vya mbao vilivyowekwa sehemu 133 za dunia. Kila joto lilipozidi kwa nyuzi 10, mchwa walikula mbao kwa kasi ya karibu mara 7. Kuvu na bakteria wanaoozesha mbao waliongeza kasi kwa chini ya mara mbili tu. Kwa kuwa ongezeko hilo linazidishana nyuzi baada ya nyuzi, nyuzi moja peke yake inaongeza kama asilimia 20. Ni ulinganisho wa maeneo na maeneo, kwa hiyo usiuchukue kama utabiri wa kenchi yako, lakini unaonyesha nani anafaidika na joto.

Kuna kitu kingine cha kuangalia, nacho ni kuhama. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulioangalia aina 13 za mchwa wavamizi ulikadiria kwamba 12 kati yao watapata maeneo mapya hali ya hewa ikibadilika. Joto linawafungulia mlango, anayewabeba ni sisi. Mchwa maarufu wa mbao kavu kutoka pwani ya Peru na Chile alizunguka dunia ndani ya samani. Hapa kwetu ni hivyohivyo kwa kiwango kidogo: kabati la mtumba linavuka kwa kivuko kwenda Ukerewe na familia nzima ndani yake, bila tiketi. Kagua kabla ya kupakia.

Mahindi yangu Magu yanaangushwa zaidi mwaka wa ukame. Ni joto?

Ni joto na kiu kwa pamoja. Mmea uliokauka nusu ni chakula rahisi, na mahindi yaliyokomaa yakiachwa shambani yakauke zaidi, mchwa wanakata shina chini, bua linalala, wanakula gunzi hadi ndani. Vuna mapema ukaushe nyumbani kwenye turubai. Na usifagie shamba likawa jeupe: mchwa wengi wanapendelea majani makavu na mabua kuliko mmea hai. Ukichoma mabaki yote, umewaachia mahindi peke yake mezani.

Je, mtumbwi?

Ukiwa majini, hauguswi na mchwa. Ukivutwa nchi kavu kwa matengenezo na kulazwa juu ya mchanga mnyevu kwa miezi, tumbo lake linaliwa kwa chini ambako hukuoni. Uinue juu ya mawe. Mwanza tumekosa mengi, mawe hatujakosa.

Nyumba yangu iko juu ya mwamba mtupu. Niko salama?

Mwamba hauliwi, lakini una nyufa zilizojaa udongo na mizizi. Jiwe pia hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku, kwa hiyo udongo wa kwenye ufa hubaki na ujoto mzuri hadi alfajiri. Tumeona vijia vikitoka kwenye ufa usioingia hata kisu.

Dawa ipigwe lini?

Wakati bora ni kabla ya kumwaga jamvi: udongo wa msingi umeshindiliwa, unalowanishwa dawa, nailoni inatandikwa, zege linafuata siku hiyohiyo au kesho yake. Udongo wenye dawa ukiachwa wazi wiki nzima, jua linaivunja na mvua inaiosha. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, tunachimba mfereji kuzunguka ukuta, na hatufanyi hivyo wingu likiwa limetanda.

Waliojenga karibu na maji, Igombe au Luchelele, tuvumiliane: tutakataa kumwaga dawa kwenye mteremko unaoelekea ziwani. Dawa nyingi za mchwa ni sumu kali kwa samaki na wadudu wanaoliwa na samaki. Zile za zamani zilizodumu udongoni miaka mingi, kama dieldrini na aldrini, zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mtu akikunong'oneza kwamba anayo "ile ya zamani yenyewe", mfukuze. Uliza kibandiko chenye usajili wa mamlaka ya viuatilifu, TPHPA. Oili chafu nayo inachafua maji zaidi ya inavyozuia mchwa. Juani hukauka, na wao wanapanda juu yake kwa udongo.

Mnakuja kukagua saa ngapi?

Saa moja asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Wateja wanadhani tunakwepa jua, na si uongo, lakini sababu kubwa ni kwamba saa hizo kijia kikivunjwa tunawakuta ndani na tunajua kama kinatumika. Saa saba mchana, kwenye ukuta wa jua, kijia chenye kazi na kilichohamwa vinafanana. Tutagonga kila fremu kwa mpini wa bisibisi, kuanzia chini. Ondoa makabati ukutani kabla hatujafika, na maboksi yaliyoko stoo, hasa yale ya chini kabisa ambayo hujayagusa tangu uhamie.